Meneja wa Bidhaa Anauza Nini?

Nimekuwa kimya kwa muda, na sababu ya ukimya huo ndiyo mada ya leo.

Desemba tulipokutana nyumbani, shangazi yangu aliniita kando. "Nasikia siku hizi huandiki tena yale mambo yako ya kompyuta," akasema. "Wanasema umekuwa meneja wa bidhaa. Bidhaa gani, nyathina? Sukari ama sabuni?"

Nilicheka. Kisha nikajaribu kumweleza, nikashindwa. Mimi niliyesomea sayansi ya kompyuta miaka minne, kisha nikaandika programu miaka mingine minne, sikuweza kumweleza shangazi yangu ninachofanya kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwishowe alinionea huruma. "Haya, mradi wanakulipa," akasema, akarudi jikoni.

Leo nataka kujaribu tena. Najua miongoni mwenu kuna vijana wanaotamani kazi hii kwa sababu ina neno "meneja" ndani yake. Nitawaambia ukweli wake kama nilivyouona hapa Kisumu, halafu nitatoa maoni yangu, na anayetaka kupinga apinge.

Kwanza, ni kazi gani?

Wanaopenda historia husema mizizi yake iko Marekani. Mwaka 1931 kijana mmoja wa Procter & Gamble, Neil McElroy, aliandika waraka akitaka kila aina ya sabuni ya kampuni iwe na mtu wake wa kuishughulikia mwanzo hadi mwisho: anajua nani anainunua, wapi haiuziki na kwa nini. Kwa hiyo shangazi hakukosea sana alipotaja sabuni! Baadaye kampuni za kompyuta zilichukua wazo hilo. Mwandishi wa programu anajibu swali la "tutatengenezaje?" Meneja wa bidhaa anajibu maswali matatu: tutengeneze nini, kwa ajili ya nani, na kwa nini sasa.

Hayo ndiyo maelezo ya vitabuni. Maelezo yangu mimi ni haya: meneja wa bidhaa ni makanga wa matatu. Hashiki usukani, dereva ndiye anayeushika. Gari si lake, lina mwenyewe, naye anasubiri hesabu jioni. Lakini abiria akichelewa, gari likijaa kupita kiasi, au chenji ikikosekana, anayetukanwa ni makanga. Neno "meneja" lisikudanganye. Sina mtu hata mmoja ninayeweza kumwamuru. Waandishi wa programu wana mkubwa wao, watu wa mauzo wana wao, na mchora kurasa anafanya kazi na sisi siku tatu tu kwa wiki. Nilicho nacho ni mdomo, daftari na subira. Subira ndiyo huisha kwanza.

Sasa niwape mfano halisi. Kampuni sitaitaja.

Tulikuwa tunatengeneza programu ya simu kwa akina mama wanaouza omena. Kwa wasioijua, omena ndiyo dagaa ya ziwani. Mama ananunua ufukweni, anaianika juani juu ya nyavu, kisha anaiuza kwa gorogoro au kwa gunia kwa wachuuzi wanaoipeleka Kibuye, Nairobi na kwingineko. Biashara hii inaendeshwa kwa deni. Huyu kachukua magunia mawili atalipa Ijumaa, yule kalipa nusu kwa M-Pesa, na yote hayo yamo kwenye daftari lililolowa maji au kichwani mwa mama mwenyewe. Wazo letu lilikuwa rahisi: tuliweke daftari ndani ya simu. Tukaandaa programu kwa wenye simu za kisasa, na menyu ya nambari fupi kwa wenye kabambe.

Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri. Halafu tukaona jambo la ajabu kwenye grafu. Kila mwezi idadi ya watu wanaoandika mauzo yao ilikuwa inaanguka kwa siku kadhaa, karibu nusu inatoweka, kisha inapanda tena yenyewe. Mkubwa akaniita. "Bidhaa yako inakufa," akasema. (Ikifanya vizuri ni bidhaa yetu. Ikianguka ni yako. Jizoezeni.)

Tukaanza kutafuta sababu. Mwandishi mmoja wa programu alisema ni hitilafu kwenye seva, akaitafuta wiki tatu. Mtu wa mauzo alisema ni mwisho wa mwezi, watu hawana pesa. Lakini anguko halikuja mwisho wa mwezi. Lilikuwa linahama! Kila mara lilianza siku moja hivi mapema kuliko mwezi uliotangulia. Mwingine akasema ni karo za shule. Mwingine akasema ni washindani. Tukafanya mikutano mingi. Mwishowe tukakubaliana kuwatumia ujumbe wa kuwakumbusha: "Tumekukosa! Usisahau kuandika mauzo yako ya leo." Niliuandika mimi mwenyewe, tena kwa fahari.

Ujumbe haukusaidia kitu. Basi siku moja nikapanda matatu hadi Luanda K'Otieno, kule kwenye kivuko cha kwenda Mbita, nikaketi na mama mmoja aliyekuwa miongoni mwa watumiaji wetu wa kwanza. Nikamwonyesha grafu. Hakuiangalia hata sekunde tano.

"Kumbe ni ninyi mnaonitumia ujumbe kuniuliza mbona siandiki mauzo?" akasema. "Niandike nini, mwanangu? Mwezi ulikuwa umejaa."

Omena huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za betri na za sola. Taa inaelea juu ya maji, wadudu na samaki wanaifuata, wavuvi wanazungushia wavu. Usiku wa giza ndio usiku wa kazi. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, samaki hawana haja na taa yako, na boti nyingi hulala ufukweni. Na kwa kuwa mwezi wa angani ni siku ishirini na tisa na nusu, lazima siku hizo zihame kwenye kalenda ya ukutani.

Kila mtoto wa ufukweni anajua hilo. Mimi nimezaliwa mkoa huu huu, nimekula omena tangu nilipoota meno, na sikujua. Wiki tatu za mwandishi wa programu zilipotea zikitafuta hitilafu iliyokuwa angani.

Na siku hiyo nilijifunza mengine matatu bila hata kuuliza. La kwanza, kila mwaka serikali hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Maana yake grafu yetu ingeanguka vibaya zaidi na sisi tungeitana mikutano mingine. La pili, gugu maji likisukumwa na upepo likaziba ufuko, boti zinatua kwingine, na mama anafuata boti. Ufuko aliosajiliwa nao kwetu unakuwa hauna maana. La tatu, mvua ikinyesha omena haikauki vizuri, na ile iliyoharibika huuzwa kwa bei ya chini kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo. Programu yetu ilikuwa na bei moja tu. Hakukuwa na mahali pa kuandika hasara.

Sasa, wengine mtasema: hilo ni kosa lako, ungekwenda mapema. Ni kweli. Lakini hebu niwaonyeshe siku yangu ilivyokuwa, muone kwa nini sikwenda.

Asubuhi saa tatu kuna mkutano mfupi wa kusimama, ambao kwa kawaida unamalizika watu wakiwa wameketi. Saa nne mtu wa mauzo ananiambia ameshamwahidi mteja mkubwa kitu ambacho hatujakitengeneza wala hatujakifikiria. Saa tano mwandishi wa programu ananiuliza maelezo ya ukurasa niliodhani nimeyaeleza. Saa sita umeme unapotea. Saa nane mkubwa anarudi kutoka mkutano Nairobi, ameona kampuni fulani ina akili bandia inayozungumza na wateja, na sisi tunataka yetu, tena kabla ya wafadhili kuja. Saa kumi natafuta namna ya kubana maelezo ya deni ndani ya herufi 182, maana menyu ya nambari fupi hairuhusu zaidi ya hapo kwenye skrini moja, na mama akichelewa kubonyeza inakatika, anaanza upya. Saa kumi na moja naandika ripoti ya idadi ya waliosajiliwa. Kumbuka: WALIOSAJILIWA, si wanaotumia. Wafadhili wanapenda idadi inayopanda tu, na idadi ya waliosajiliwa haishuki kamwe. Hata aliyefariki bado amesajiliwa.

Mnaona? Kila kazi kati ya hizo inaonekana ya lazima. Hakuna hata moja inayohitaji kumwona muuza omena. Siku inaisha nikiwa nimechoka kabisa, na sijafanya kazi yangu.

Hapa ndipo maoni yangu yanapoanza. Changamoto kubwa ya kazi hii si umeme, si mtandao, wala si upungufu wa waandishi wa programu hodari. Kubwa ni kwamba kila mtu anayeweza kukufokea yuko ofisini, na mtu pekee ambaye angekuambia ukweli yuko ufukweni, hana muda na wewe, na hatakuandikia barua pepe kulalamika. Programu ikimshinda anarudi kwenye daftari lake kimyakimya.

Mtu atauliza, kuna ushahidi gani kwamba kumtazama mtumiaji kunalipa? Tunao ushahidi mkubwa, na tunautumia kila siku kununua chapati. Ni M-Pesa.

Wengi wanadhani M-Pesa iliundwa tangu mwanzo kwa ajili ya kutumiana pesa. Sivyo. Wazo lililofadhiliwa na Vodafone pamoja na idara ya maendeleo ya serikali ya Uingereza lilikuwa kuwawezesha wateja wa mikopo midogo kulipa mikopo yao kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone walisimamia jaribio hilo pamoja na Safaricom, shirika la mikopo la Faulu na benki ya Commercial Bank of Africa. Lilianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja wasiofika hata mia tano.

Watu wale wakafanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Wakawa wanatumiana pesa wao kwa wao. Mwingine anaweka pesa kwa wakala mmoja kabla ya safari na kuzitoa kwa wakala mwingine baada ya kufika, ili asiibiwe njiani. Mwingine anatumia simu kama sanduku la kulaza mauzo ya siku. Wakati huohuo, lile jambo lenyewe la mikopo ya vikundi lilikuwa linawaumiza kichwa wahasibu, kulinganisha hesabu za pande mbili.

Fikiria wewe ndiye msimamizi. Umepewa pesa za kutengeneza huduma ya mikopo. Ripoti zako zote zinasema mikopo. Na watu wanaitumia vibaya! Meneja mwoga angewatumia ujumbe: "Tafadhali tumia huduma hii kulipa mkopo wako." Kama nilivyofanya mimi na mwezi mpevu. Wao walikubali walichokiona. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ujumbe wake kwa Wakenya ulikuwa mmoja tu: tuma pesa nyumbani. Mikopo iliwekwa kando. Yaliyofuata mnayajua.

Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora wa bidhaa uliowahi kufanywa katika nchi hii, na zaidi ya nusu yake ulikuwa ni kuacha kitu.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike leo.

Kuna kipengele kimoja ambacho tulikuwa karibu kukitoa. Niwe mkweli, wazo lilikuwa langu. Wenye boti walikuwa wanatuambia wangependa kujua mama gani analipa vizuri na nani ana madeni, ili wajue wa kumpa samaki kwa mkopo. Nikaona hiyo ni nafasi nzuri. Madeni tunayo tayari kwenye mfumo! Tunaweza kumpa kila mama alama, mwenye boti akaangalia alama na nambari ya simu, biashara ikaenda haraka. Mkubwa alilipenda. Mteja aliyekuwa tayari kulipa alipatikana. Waandishi wa programu walisema ni kazi ya wiki mbili. Kwa mara ya kwanza wote ofisini walikuwa wanakubaliana na mimi, na hiyo ingetosha kunishtua.

Nilimweleza yule mama wa Luanda K'Otieno. Alinyamaza kidogo, akaangalia pembeni, kisha akasema: "Ukimwonyesha mwenye boti kwamba nina deni, umemwambia bei yangu."

Wanaotoka huku wameshaelewa. Kwa wengine, kuna kitu kinaitwa jaboya. Samaki wakiwa wachache na wanunuzi wakiwa wengi, pesa peke yake haitoshi. Mama hupata samaki kwa kuwa na uhusiano wa kimwili na mvuvi. Ni jambo linalojulikana ufukweni kote, limefanyiwa utafiti miaka mingi, na limehusishwa na kuenea kwa Ukimwi katika kaunti hizi za ziwa. Mwaka 2011 akina mama wa ufuko wa Nduru walianza kupigana nalo kwa njia ambayo hakuna kati yetu wa kompyuta angeifikiria: walitafuta boti zao wenyewe, wakawaajiri wanaume wavue. Walipoitwa na waandishi wa habari hawakuzungumzia programu wala taarifa za bei. Walizungumzia nani anamiliki boti. Na mwaka 2020 mafuriko ya ziwa yakawafukuza kijijini kwao, mapambano yakarudi nyuma.

Sasa mimi, na shahada yangu, nilikuwa nataka kumpa mwenye boti orodha ya wanawake wenye shida ya pesa, pamoja na nambari zao za simu, imepangwa kuanzia mwenye shida zaidi.

Nilirudi ofisini kusema hapana kwa wazo langu mwenyewe. Niliambiwa ninaleta siasa. Niliambiwa sisi ni kampuni ya teknolojia, hatuwezi kutatua matatizo ya jamii. Nilijibu kwamba sikuombi tutatue, nakuomba tusiyaongeze. Nikaitaja Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kwamba mama alitupa madeni yake kwa ajili ya daftari lake, hakutupa ili tuwape wengine. Ukweli ni kwamba sheria ndiyo iliyowafanya wanisikilize, si mama. Hilo bado linaniuma. Mabishano yalichukua wiki tatu. Kipengele hakikutolewa, na yule mteja aliondoka. Mshahara wa mwenzetu mmoja ulitegemea mkataba ule. Sikusherehekea.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema meneja wa bidhaa ni mtu wa kupanga kazi na kuhimiza tarehe. Kazi hiyo inaweza kufanywa na karatasi ukutani. Nikijumlisha yote, haya ndiyo ninayoamini:

1. Siku moja kila wiki iwe ya nje ya ofisi, na isiguswe na mkutano wowote. Nauli ya matatu ni rahisi kuliko wiki tatu za mwandishi wa programu.

2. Usihesabu waliosajiliwa. Hesabu waliorudi wenyewe bila kuitwa, na uzijue siku zao za kazi na za mapumziko kabla ya kusema wamekukimbia.

3. Kila kipengele kipya kiulizwe maswali mawili: nani atafaidika, na nani mwingine ataweza kuona? Swali la pili hatuliulizi kabisa.

4. Watu wakiitumia bidhaa yako "vibaya", nyamaza kwanza, uangalie.

Mtu anaweza kunijibu kwamba haya ni ya kampuni zenye pesa, na kwamba kampuni changa ya Kisumu haina siku ya kupoteza ufukweni. Mimi naona ni kinyume. Kampuni ya Nairobi au London ikitaka kumjua muuza omena lazima ipande ndege. Sisi ziwa liko hapa, kutoka ofisini hadi Dunga ni safari fupi ya bodaboda. Hiyo ndiyo faida pekee tuliyo nayo juu yao, na tunaiacha ili tukae ndani tukijadili grafu.

Siku hizi kwenye ukuta wa ofisi yetu kuna kalenda mbili. Moja ni ya kawaida. Nyingine ina mwezi wa angani, na siku za mwezi mpevu zimepakwa rangi. Grafu ikianguka siku hizo hakuna anayeitisha mkutano. Na ule ujumbe wa "Tumekukosa" niliufuta kwa mkono wangu.

Nikirudi nyumbani nitamjibu shangazi hivi: siuzi sukari wala sabuni. Kazi yangu ni kwenda kuuliza, kisha kurudi kubishana na watu wa ofisini. Nadhani ataelewa. Ataniuliza tu kwa nini kazi hiyo ilihitaji chuo kikuu, na hapo sina jibu.

Ninyi mnasemaje? Mnaofanya kazi hii Mwanza, Mombasa, Kampala au kokote, ni nani aliyewahi kuwaonyesha kwa sentensi moja kwamba hamjui mnachokifanya? Ningependa kusikia.